Bukoba na Muleba waandike mabao yao

Katika visiwa vya Muleba, kama Goziba na Bumbire, kazi ya dagaa inafuata mwezi. Mbalamwezi ikishika, taa za wavuvi hazivuti tena dagaa kama kwenye giza, kwa hiyo mitumbwi inapandishwa ufukweni, nyavu zinashonwa, na saa zinazobaki zinakwenda kwenye karata, drafti na bao. Bara nako vijiwe haviishi: stendi, sokoni, nje ya vibanda vya kahawa, na popote palipo na abiria wanaosubiri meli ya Mwanza. Ukipita jioni utakuta duara la watu wamesimama, wawili wameketi, na sauti nyingi zaidi ya idadi ya wachezaji.

Ndani ya duara lile kuna akili kubwa inayopotea kila siku, na inapotea kwa sababu ndogo: hakuna anayeandika.

Mtu aliyezoea kuliona bao kama mchezo wa wazee waliostaafu anaweza kushangaa kuambiwa kwamba huu ni mchezo wa vita, na vita yenyewe ni ya kukusanya. Mashimo ni 32 katika safu 4 za mashimo 8. Kete ni 64, nyingi zikiwa komwe, mbegu za kijivu za mti wa mkomwe. Kila mchezaji ana safu mbili, ya mbele na ya nyuma. Kete unayomla mwenzako haiendi pembeni kama kizibo cha drafti kilicholiwa. Inaingia upande wako na kukupigania. Kwa hiyo kila unachokula kinamdhoofisha yeye na kukuongezea wewe kwa mkono uleule, na ndiyo maana bao linageuka ghafla. Aliyekuwa anacheka dakika mbili zilizopita anajikuta safu yake ya mbele imebaki mashimo matupu.

Mkoa wa Kagera umekaa pahali pazuri kwa mpenzi wa michezo hii. Ukivuka mpaka pale Mutukula unakutana na omweso wa Waganda. Ukivuka Rusumo unakutana na igisoro ya Wanyarwanda. Kutoka pwani limekuja bao la Kiswahili, lenye nyumba, namu na mtaji. Michezo yote mitatu ina safu 4 za mashimo 8 na kete 64, na mtu anayeiona kwa mbali atadhani ni mchezo mmoja. Akiketi ndipo atakapojua. Katika bao la Kiswahili kinacholiwa ni kete za safu ya mbele tu. Za nyuma ziko salama. Katika omweso, shimo la mbele na la nyuma yake huliwa kwa pamoja, na masharti ni kwamba yote mawili yawe na kitu. Tofauti hiyo moja inabadilisha kila kitu kuhusu namna ya kupanga jeshi. Basi mkakati wa kwanza, ambao vijana wengi wanauruka, ni kuulizana kabla ya kuketi: leo tunacheza kwa sheria ipi? Ugomvi mwingi wa kijiweni hauna uhusiano wowote na akili ya mtu. Unatokana na watu wawili waliokuwa wanacheza michezo miwili tofauti kwenye bao moja.

Omweso ndio unaoonyesha waziwazi kwamba ushindi huanza kuandaliwa kabla ya mchezo. Kila mmoja ana kete 32 na anaruhusiwa kuzipanga atakavyo katika mashimo yake 16. Mmoja anapanga kwanza, na huyo ndiye anayeanza kucheza. Wa pili anapanga huku akiona alichokabiliwa nacho. Hapo pana faida mbili zinazopimana: mmoja ana zamu ya kwanza, mwingine ana habari. Mpangaji hodari anajua kwamba shimo la mbele ambalo nyuma yake ni tupu haliliki, kwa hiyo anaweza kuacha matundu makusudi ili kuzilinda kete zake, na kurundika nguvu mahali pengine. Anajua pia kwamba shimo lenye kete moja halichezeki, hivyo kuzitawanya kete mojamoja ni kujifunga mwenyewe kamba. Na anajua kwamba shimo lenye kete 16 kamili halina safari: ukizigawa zote unazunguka mashimo yako yote na ya mwisho inaangukia palepale ulipoanzia, ambapo umeshapaacha patupu, na zamu yako imekwisha. Asiyejua hesabu hiyo ndogo atarundika kete 16 akidhani ana hazina.

Anayefikiri mipango ya namna hii ni mambo ya mababu tu aangalie kinachofanyika mbali. Mwaka 1993 Richard Garfield wa Marekani alitoa Magic: The Gathering, mchezo wa karata za vita ambazo mtu anazinunua, anazikusanya na kuzibadilishana. Mchezaji anakuja mezani na karata zisizopungua 60 alizochagua mwenyewe nyumbani, na kwa kawaida haruhusiwi kuwa na zaidi ya 4 zinazofanana, ukiacha zile za ardhi za kawaida. Sehemu kubwa ya kushinda iko kwenye kuchagua. Ila kilichoufanya mchezo ule ukue haraka kimawazo ni tabia ya wachezaji wake: orodha za karata za washindi wa mashindano huchapishwa, kila mtu anazisoma, na mashindano yanayofuata watu wanafika na majibu. Mshindi wa leo anajua kwamba mbinu yake kesho itakuwa mali ya wote, hivyo analazimika kubuni nyingine.

Kijiweni kwetu mambo ni kinyume. Fundi anayekufunga mara tano mfululizo hakwambii alichofanya. Mara nyingine hata yeye hawezi kukwambia, maana mkono wake unajua zaidi ya mdomo wake. Watazamaji wanakumbuka matokeo, wanakumbuka matusi na vicheko, lakini ukiwauliza kete gani ilichezwa zamu ya sita hakuna anayejua.

Chukua mfano mmoja tu wa bao la Kiswahili, na msomaji mwenye bao nyumbani alilete hapa tufuatane.

Mwanzo wa mchezo kila mchezaji anaweka kete 6 kwenye nyumba, lile shimo la tano kutoka kushoto kwake katika safu ya mbele, na kete 2 katika kila moja ya mashimo mawili yanayofuata upande wa kulia. Jumla 10. Nyingine 22 anabaki nazo mkononi za kunamulia, yaani za kuingiza kwenye bao, moja kila zamu. Tuyahesabu mashimo ya mbele kwa herufi M, kuanzia kushoto kwa mchezaji: M1 hadi M8. Nyumba ni M5. M6 na M7 zina mbilimbili. Ukitazama vizuri utaona kwamba hakuna shimo lako lenye kete linalotazamana na shimo la mwenzako lenye kete. Anayeanza hana cha kula, lazima atakate, yaani agawe kete bila kula. Utaona pia kwamba M4 yako, ambayo ni tupu, inaitazama nyumba ya mwenzako ana kwa ana.

Sasa anayeanza ana njia zake. Akinamua M6 na kwenda kulia, kete tatu zinaingia M7, M8 na shimo la nyuma la pembeni. Ametulia. Hakuna aliyemgusa, naye hajamgusa mtu. Mwenzake naye atalazimika kutakata. Wachezaji wengi waoga huanza hivi, na si kosa.

Akinamua M6 ileile na kwenda kushoto, mambo yanachangamka. Kete moja inaingia nyumbani, ya pili M4, ya tatu M3. Kwa macho ya haraka huo ni upumbavu: kete mbili zimeachwa nje peke yake, moja mbele ya nyumba ya adui na nyingine mbele ya M6 yake. Mwenzake ana chaguo mbili za kula, na kula ni lazima. Akiila ile ya M3 kwa kutumia M6 yake, ameiacha ya M4 ikiitazama nyumba, na zamu inayofuata nyumba yake yenye kete 6 inaliwa yote. Kwa hiyo mwenye akili atanamua kwenye nyumba yake na kuila ya M4. Sawa, amekula kete moja. Lakini ya M3 bado ipo, na inaitazama M6 yake yenye kete 2. Mwanzishaji ananamua M3 na kuzila zote mbili. Ametoa moja, amepata mbili, na kete mkononi bado zimejaa.

Baada ya hapo mwenzake atajibu, na hakuna anayesema bao limekwisha. Pengine kuna jibu linaloufanya mtego ule uwe ghali kuliko unavyoonekana. Jambo ni kwamba hesabu ya zamu tatu za mwanzo imeingia kwenye aya moja ya gazeti, na kijana wa Kamachumu au Nshamba anaweza kuijaribu leo jioni, akaipinga au akaiongeza. Bila herufi na namba, aya ile isingeandikika. Ingekuwa ni fundi fulani na siri yake, na siku fundi akifumba macho siri nayo inafukiwa.

Kuandika mabao si ndoto. Mholanzi Alexander de Voogt alikaa na mabingwa wa Zanzibar, akaandika michezo yao kete kwa kete, na mwaka 1995 akachapisha tasnifu iliyochunguza namna akili ya bingwa wa bao inavyofanya kazi. Swali lake lilikuwa hadi wapi ubongo wa mtu unaweza kufuata mgawo wa kete unaozunguka na kuzunguka, ukila na kuendelea. Uchunguzi wake ulifika hadi kwenye kucheza bila kulitazama bao. Heshima kwa mabingwa wale wa Unguja, maana bila wao tasnifu isingekuwepo. Hata hivyo inauma kidogo kwamba mtu anayetaka kusoma michezo yao kwa maandishi lazima aanzie Leiden, Uholanzi.

Jirani wa karibu zaidi ana somo lake. Phiona Mutesi alikulia Katwe, mtaa wa mabanda jijini Kampala, akafundishwa sataranji na Robert Katende, na mwaka 2010 aliiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya sataranji huko Khanty-Mansiysk, Urusi. Hadithi yake ikawa kitabu, kisha filamu mwaka 2016. Watu wengi wanakumbuka umaskini na ushindi. Kitu kisichokumbukwa ni kikaratasi kilichokuwa pembeni ya ubao. Katika mashindano yale kila mchezaji analazimika kuandika mwenyewe kila hatua, yake na ya mpinzani. Ndiyo maana binti wa Katwe aliyefungwa Jumatatu aliweza kukaa na mwalimu wake Jumanne na kuonyeshwa ni wapi hasa alipotelea. Mchezaji bora wa bao wa Bukoba mjini hana nafasi hiyo. Akifungwa, anachobaki nacho ni hasira.

Kuna watakaosema bao halihitaji karatasi, kwamba uzuri wake ni mdomo, mbwembwe na kasi. Hoja hiyo ina uzito, na mtu aliyewahi kumwona fundi akigawa kete bila kuzihesabu, mkono ukienda kama unajua njia, hawezi kuidharau. Kasi yenyewe ni silaha: unamchezea mpinzani upesi hadi anaona aibu kufikiri muda mrefu. Watu wa kijiweni wanajua pia nguvu ya maneno. Mpinzani akiambiwa kwa sauti kwamba nyumba yake haitafika zamu ya kumi, ataanza kuilinda hata pasipo na hatari, na atasahau kushambulia. Haya yote ni mkakati halali, na karatasi haiyaui. Wacheza sataranji huandika na bado wanakodoleana macho.

Wengine watasema mashine imeshamaliza kazi. Hapana. Awari, mchezo wa mashimo 12 na kete 48 wa jamii hiyohiyo, ulihesabiwa wote mwaka 2002 na John Romein na Henri Bal wa Amsterdam. Mikao 889,063,398,406 ilipitiwa na kompyuta, na jibu likawa kwamba wachezaji wawili wasiokosea wanatoka sare. Mwaka 2007 Jonathan Schaeffer wa Kanada na wenzake walitangaza hivyohivyo kuhusu drafti ya Waingereza, baada ya kazi iliyoanza mwaka 1989. Nayo ni sare. Drafti yao si ile ya vizibo inayochezwa kwetu, ambayo kingi wake anakimbia ubao mzima. Na bao, lenye mashimo 32, kete 64 na zile 22 za mkononi kwa kila upande, hakuna mashine iliyolimaliza. Kijana wa Muleba anayekaa na daftari bado ana uwanja mpana wa kugundua kitu ambacho hakuna mtu duniani aliyekiandika. 

Ni mambo gani basi yangeonekana kama mabao mia ya Bukoba yangekuwa yameandikwa? Hapa kila mchezaji ana imani zake, na nyingi hazijawahi kupimwa.

Kubwa ni ya nyumba. Kete ya mwisho ya mgawo wako wa kula ikiangukia kwenye nyumba yako katika hatua ya namu, una ruhusa ya kulala au kusafiri. Kulala ni kuiacha nyumba ikue. Kusafiri ni kuivunja na kuigawa, ukitumaini italeta mlo mkubwa. Vijana husafiri mapema kwa sababu inapendeza: mkono unazunguka, watazamaji wanapiga kelele. Wazee hulala na kulala tena, hadi nyumba inafika kete 12, 14, kisha inaliwa yote kwa kete moja iliyonamuliwa upande wa pili. Nani ana haki? Jibu la kijiweni hutegemea nani amefungwa jana. Jibu la daftari lingekuwa na idadi.

Nyingine ni ulafi. Kete unazokula zinaingizwa kuanzia kichwa, lile shimo la mwisho la safu ya mbele. Maana yake ni kwamba mlo unakuja kukaa kwanza mbele, pale pale zinapoweza kuliwa tena. Anayekula sana bila kupima njia yake anamwandalia mwenzake karamu. Lakini anayeogopa na kuzisukuma zote nyuma anakumbana na sheria isiyo na huruma: safu ya mbele ikiisha kete, umefungwa, hata kama nyuma una kete 40. Kati ya ulafi na woga kuna mstari, na mstari huo hausogei kwa maneno ya mtazamaji. Unasogea kwa kadiri kete za mkononi zinavyopungua. Zamu za namu ni 44 kwa wachezaji wote wawili, kama hakuna anayefungwa kabla. Fundi anajua kwamba mwenendo unaofaa zamu ya nane unaua zamu ya arobaini. Mara kete za mkononi zikiisha, hatua ya mtaji inaanza, kila mmoja akicheza na kete zilizo kwenye bao tu, na ndipo inapoingia sheria ya kutakatia, inayoweza kumzuia mchezaji asilicheze shimo lake linalotishiwa. Hapo ndipo pia anayeanza kujifunza hupotea kabisa, kwa hiyo kwake ni heri aanze na bao la kujifunza: kete mbili kila shimo, hakuna nyumba, hakuna namu, ni kula tu.

Kirasmi, Tanzania haijalisahau bao. Mwalimu Nyerere alikuwa mpenzi wake mkubwa, na watumishi wa umma hushindania bao, karata na drafti kwenye michezo ya SHIMIWI na ile ya Mei Mosi. Hilo ni jema. Lakini michezo ile ikiisha kinachobaki ni kikombe kwenye kabati la ofisi na jina la taasisi. Kazakhstan, Kirigizistani na Uturuki zina michezo ya jamii hii pia, na mwaka 2020 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Togyzkumalak ya Wakazakh ina mashimo 9 na kete 81 kila upande, ina vyama, ina mashindano, inafundishwa shuleni na michezo yake inaandikwa. Wale si werevu kuliko wavuvi wa Goziba. Wamekuwa na bidii ya karatasi.

Na kuna la kusemwa kuhusu vijana, ingawa si vizuri kulipamba. Pesa nyingi za bodaboda wa Kagera zinaingia kwenye mikeka ya kubeti, ambako mtu anatabiri kazi ya miguu ya watu asiowajua. Bao halitaua kubeti. Ila kijana anayepanga mbinu yake mwenyewe, akaipima kwa wiki, akamfunga mtu aliyekuwa hafungiki, anapata kitu ambacho mkeka hauna: ushindi ambao anaweza kuueleza.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuliko maelezo yake. Mashimo ya mbele yaitwe M1 hadi M8 na ya nyuma N1 hadi N8, kila mchezaji akihesabu kutoka kushoto kwake. K iwe kulia, S iwe kushoto, L iwe kulala. Zamu moja ni herufi na namba chache: M6 S, M5 K, M3 S L. Mtazamaji mmoja, mmoja tu kati ya wale kumi wanaopiga kelele, apewe daftari na kalamu. Mchezo mzima hauchukui kurasa mbili. Wachezaji wa kasi watalalamika kwamba mwandishi hafuati; basi simu ya mtu mmoja irekodi kwa juu, na uandishi ufanyike usiku.

Maktaba ya mkoa inaweza kupokea nakala. Walimu wa hisabati wa sekondari za Muleba wanaweza kuyatumia mabao hayo darasani, maana mgawo wa kete kwenye duara la mashimo 16 ni somo la mabaki ya kugawanya, ambalo wanafunzi hulichukia likiwa ubaoni na kulipenda likiwa na kete. Maofisa utamaduni wa wilaya, wanaotafuta kila mwaka kitu cha kuonyesha, wanaweza kuandaa shindano moja kati ya Bukoba na Muleba lenye sharti moja: mchezo usioandikwa hauhesabiwi. Msimu wa senene ukiisha ungekuwa wakati mzuri, maana senene wakishuka hakuna anayeketi kwenye bao.

Wazee wanaoujua mchezo huu kwa undani bado wapo, kuanzia Kashai hadi Rubya. Aliye na mzee wa namna hiyo nyumbani aende kwake wiki hii na daftari, amwombe acheze polepole bao moja tu, aliandike lote mpaka mwisho, kisha amwulize kwa nini zamu ile alilala na ile akasafiri.